Chaki

Chaki ni kijiti, kipande au unga wa madini laini, mara nyingi wa rangi nyeupe, unaoacha alama ukisuguliwa kwenye ubao, kitambaa, mbao au chuma. Inajulikana zaidi kama kifaa cha mwalimu darasani, lakini hutumiwa pia na mafundi cherehani, maseremala, mafundi wa kuchomelea, wanamichezo na, huko Marekani, wawindaji wa bata mzinga.

Jina ni moja, lakini vitu vinavyouzwa kwa jina hilo ni vingi. Chaki ya shuleni mara nyingi ni jasi. Nyingine ni kabonati ya kalisi. Chaki ya wanamichezo ni kabonati ya magnesi. Chaki ya mafundi wa kuchomelea ni jiwe la talki. Na kile kinachoitwa "chaki ya mende" ni sumu. Kwa sababu hiyo chaki inayofaa kazi moja inaweza kuharibu kazi nyingine, na kuchanganya aina hizo nyumbani kunaweza kumdhuru mtoto.

## Jina

Neno "chaki" limetoka katika Kiingereza. Neno la Kiingereza lenyewe lina asili katika neno la Kilatini *calx*, lenye maana ya chokaa, ambalo ndilo pia chanzo cha jina la elementi ya kalisi.

Chaki si sawa na chokaa. Chokaa hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa au matumbawe katika tanuri, na ndiyo iliyotumika kujengea miji ya kale ya pwani kama Kilwa Kisiwani. Chokaa iliyochomwa huunguza ngozi na macho, hasa ikikutana na maji. Chaki haichomi. Unga wa chokaa ya kupakia ukuta haufai kutumiwa badala ya unga wa chaki, hata kama kwa macho unafanana nao.

## Madini yake

### Chaki ya asili

Chaki ya asili ni aina ya mwamba wa chokaa ulio laini na mweupe. Ulijengwa chini ya bahari na mabaki ya viumbe wadogo mno, hasa miani yenye vigamba vya kabonati ya kalisi. Vigamba hivyo vilishuka na kurundikana kwa mamilioni ya miaka, hasa katika kipindi cha Kretasi kilichokwisha miaka milioni 66 hivi iliyopita. Jina la kipindi hicho limetokana na *creta*, neno la Kilatini la chaki. Majabali meupe ya Dover, kusini mwa Uingereza, ni mfano maarufu.

### Jasi

Vijiti vingi vya shuleni havina chaki ya asili ndani yake. Vimetengenezwa kwa jasi, yaani salfeti ya kalisi iliyoshikana na maji. Jasi ni laini kuliko kabonati ya kalisi: katika skeli ya ugumu ya Mohs jasi ina 2, na kalisaiti, ambayo ndiyo umbo la kawaida la kabonati ya kalisi katika mawe, ina 3. Ukucha wa binadamu unaweza kukwaruza jasi.

### Madini mengine

Kabonati ya magnesi hufyonza unyevu, kwa hiyo hupakwa mikononi na wanamichezo. Talki ni madini laini kuliko yote katika skeli ya Mohs, yenye ugumu wa 1, nayo huandika vizuri kwenye chuma na kitambaa. Chaki ya mchezo wa biliadi ina silika na oksidi ya alumini, ambazo ni ngumu kuliko kioo.

## Utengenezaji

Chaki ya jasi hutengenezwa kwa hatua zifuatazo:

1. Mawe ya jasi husagwa na kupashwa moto kwa nyuzijoto 150 hivi za selsiasi. Sehemu kubwa ya maji yaliyomo hutoka, na unga unaobaki huitwa plasta ya Paris.
2. Unga huo huchanganywa na maji hadi uwe uji mwepesi. Kwa chaki za rangi, rangi hutiwa katika hatua hii.
3. Uji humiminwa katika kalibu zenye matundu mengi. Kabla ya hapo kalibu hupakwa mafuta kidogo ili vijiti visigande ndani.
4. Baada ya dakika chache plasta hurudisha maji ndani yake na kuwa jasi tena. Vijiti hutolewa na kuanikwa juani kwa siku kadhaa.
5. Vijiti vikavu hupangwa katika maboksi, mara nyingine pamoja na unga wa mbao ili visivunjike.

Kazi hii haihitaji mitambo mikubwa, ndiyo maana hufanywa pia na viwanda vidogo na vikundi vya vijana. Kasoro yake ya kawaida iko katika hatua ya tatu. Mtengenezaji akizidisha mafuta ya kalibu, kijiti hubaki na utando mwembamba wa mafuta. Kijiti cha namna hiyo huteleza ubaoni, huandika kwa kukatakata na huacha doa lisilofutika kirahisi.

Chaki ya kabonati ya kalisi hutengenezwa kwa njia nyingine. Unga huchanganywa na maji na kiungo cha kuushikanisha, kisha hukandamizwa na kusukumwa kupitia tundu, kama tambi zinavyosukumwa, hukatwa na kukaushwa. Vijiti vyake huwa vizito na vigumu kidogo kuliko vya jasi.

## Malighafi nchini Tanzania

Tanzania ina jasi katika maeneo kadhaa, yakiwemo Itigi katika mkoa wa Singida, Makanya katika wilaya ya Same mkoani Kilimanjaro, na Kilwa katika mkoa wa Lindi. Sehemu kubwa ya jasi hutumika katika viwanda vya saruji, kwa kuwa jasi kidogo huongezwa katika saruji ili isigande haraka mno. Katika miaka ya 2010 vijana wa wilaya ya Maswa, mkoa wa Simiyu, walianzisha kiwanda kidogo cha chaki za shule, na bidhaa yao ikawa mfano uliotajwa mara nyingi katika mijadala ya viwanda vidogo nchini.

Upande wa kusini magharibi, mawe yanayopatikana kwa wingi ni ya chokaa, si ya jasi. Bonde la Mto Songwe unaotiririka kuelekea Ziwa Rukwa, magharibi mwa jiji la Mbeya, lina matabaka ya travetini. Huo ni mwamba wa kabonati ya kalisi uliowekwa na maji ya chemchemi za moto: maji yenye dioksidi kabonia nyingi huyeyusha kalisi chini ya ardhi, na yanapofika juu gesi hutoka, kalisi ikabaki na kuganda kuwa jiwe. Travetini hiyo ndiyo malighafi ya kiwanda cha saruji cha Songwe, mkoani Mbeya. Mto huu usichanganywe na Mto Songwe mwingine, unaopita mpakani mwa Tanzania na Malawi na kuingia Ziwa Nyasa.

Kikemia travetini ni ndugu ya chaki ya asili, lakini haiwezi kukatwa vipande na kutumika kuandikia. Fuwele zake zimeshikana, kwa hiyo jiwe hukwaruza ubao badala ya kuacha unga. Ili iwe chaki lazima kwanza isagwe laini, ichujwe kuondoa chembe za mchanga, kisha ishikanishwe upya. Mfano huu unaonyesha kwamba ubora wa chaki hauamuliwi na aina ya madini peke yake, bali pia na ukubwa wa chembe na namna zilivyoshikana.

## Jinsi chaki inavyofanya kazi

Chaki huandika kwa msuguano. Uso wa ubao una vijishimo vidogo visivyoonekana kwa macho. Kijiti kinapopita juu yake, chembe hung'oka na kunasa katika vijishimo hivyo. Uso ulio laini kama kioo haushiki chaki vizuri, na ndiyo maana ubao wa zamani uliolainika kwa kufutwa miaka mingi huhitaji kupakwa rangi upya.

Mlio mkali wa chaki ubaoni hutokana na msuguano huohuo. Kijiti hushika, huachia na kuteleza, kisha hushika tena, mara nyingi sana kwa sekunde moja, na mtetemo huo husikika kama sauti. Mwalimu huondoa mlio kwa kukivunja kijiti, kwa kuwa kipande kifupi hutetemeka kwa namna tofauti, au kwa kukilaza zaidi.

Hali hii ya kushika na kuachia ndiyo inayoimbisha pia ala za nyuzi zinazopigwa kwa uta. Mpigaji wa zeze la Wagogo, ala iliyojulikana duniani kupitia mwanamuziki Hukwe Zawose (1938–2003), husugua utomvu mkavu wa mti kwenye uta ili ushike uzi. Uta usio na utomvu huteleza bila kutoa sauti.

## Kuchagua chaki kulingana na kazi

### Shuleni

Kwa darasa lenye wanafunzi wengi, mambo matatu ni muhimu: alama ionekane kutoka nyuma, kijiti kisikatike hovyo, na vumbi liwe kidogo. Chaki ya jasi ni nafuu na laini, lakini hutoa vumbi jepesi linaloelea. Chaki ya kabonati ya kalisi, inayouzwa kama chaki isiyo na vumbi, hutoa chembe nzito zaidi zinazoanguka chini upesi. Hata hivyo si kweli kwamba haina vumbi kabisa. Nyeupe na njano huonekana vizuri kwenye ubao mweusi au wa kijani, wakati bluu na zambarau hufifia kwa walio nyuma.

### Ushonaji

Fundi cherehani hutumia kipande bapa chenye ncha kali ili mstari uwe mwembamba. Kuna aina mbili. Ile ya talki au udongo mweupe hufutika kwa burashi. Ile yenye nta huacha mstari unaodumu, lakini pasi ya moto huiyeyusha nta, na katika vitambaa vingine doa la mafuta hubaki. Kabla ya kuchora kwenye kitambaa cha mteja, jaribu kwanza kwenye pindo au kipande kilichokatwa. Chaki za rangi za shuleni hazifai kwa kitambaa cheupe, kwa kuwa rangi yake inaweza kuganda kwenye nyuzi.

### Useremala na ujenzi

Maseremala na waashi hunyosha mstari mrefu kwa uzi uliopakwa unga wa chaki: uzi huvutwa kati ya pointi mbili, huinuliwa na kuachiwa, ukaacha alama iliyonyooka. Unga wa bluu au mweupe hufutika. Mwekundu huingia katika mbao na saruji na huweza kuonekana hata baada ya kupaka rangi. Penseli za nta za kuandikia magogo na mbao mbichi mara nyingine huitwa chaki pia, ingawa si chaki. Zinafaa kwa mbao zenye unyevu, lakini mahali zilipopita gundi na vanishi havishiki vizuri.

### Uchomeleaji na matengenezo ya magari

Katika miji ya barabara kuu kama Tunduma, ambako malori huvuka mpaka kwenda na kutoka Zambia, chaki ni kifaa cha kila siku cha gereji. Fundi pancha huweka alama mahali penye tundu kabla ya kulitoa tairi kwenye maji ya kupimia. Hapo hufaa chaki yenye nta, kwa kuwa chaki kavu haiandiki kwenye mpira ulioloa. Fundi wa kuchomelea huchora mstari wa kukata kwa jiwe la talki. Alama ya chaki ya jasi hufifia karibu na moto, na alama ya nta huungua na kutoa moshi, lakini alama ya talki hustahimili joto na hubaki ikionekana.

### Michezo

Wanyanyua vyuma na wanasarakasi hupaka mikononi kabonati ya magnesi ili jasho lisiwafanye wateleze. Chaki ya shuleni haina uwezo huo. Huweza kugeuka tope lenye utelezi.

Chaki ya biliadi na pool hupakwa kwenye ncha ya fimbo. Ile ya kisasa ilipewa hataza nchini Marekani mwaka 1897 kwa mchezaji William A. Spinks na mkemia William Hoskins wa Chicago. Ingawa inaitwa chaki, kazi yake inafanywa na chembe ngumu zinazokwaruza. Haifai kwa ubao, kitambaa wala mbao iliyosawazishwa.

### Kisanduku cha kuitia bata mzinga

Bata mzinga wa mwituni (*Meleagris gallopavo*) ni ndege wa asili wa Amerika ya Kaskazini. Bata mzinga wanaofugwa Afrika ya Mashariki wametokana na ndege wa spishi hiyo waliofugwa kwanza huko Meksiko. Wawindaji wa Marekani huwaita madume katika majira ya kuchipua kwa kuiga sauti ya jike. Kifaa kimoja cha kazi hiyo ni kisanduku chembamba cha mbao chenye kifuniko kirefu kilichofungwa kwa skrubu moja upande mmoja. Kifuniko kikisukumwa, uso wake wa chini husugua ukingo wa ubavu wa kisanduku. Henry C. Gibson wa Dardanelle, Arkansas, alipewa hataza ya kifaa cha namna hiyo mwaka 1897, mwaka uleule wa hataza ya chaki ya biliadi.

Bila chaki, mbao mbili kavu zilizolainika huteleza na kisanduku kinakuwa bubu au kinatoa sauti ya kukwaruza. Chaki hufanya kazi ya utomvu kwenye uta wa zeze: hukifanya kifuniko kishike na kuachia mara nyingi kwa sekunde, ubavu mwembamba ukatetemeka, na uwazi wa kisanduku ukakuza sauti. Kwa hiyo uchaguzi wa chaki hubadili sauti yenyewe. Mambo yanayoangaliwa ni haya:

* Isiwe na mafuta wala nta. Mafuta huingia katika vinyweleo vya mbao na kuacha utando unaoteleza. Chaki nzuri itakayopakwa baadaye haitashika, na kisanduku kinaweza kuharibika kabisa. Hili ndilo sharti la kwanza.
* Isiwe na chembe ngumu. Chaki ya biliadi hula ukingo wa mbao. Ukingo huo huchongwa kwa mviringo maalumu, na ukilika sauti hubadilika.
* Isiwe na gundi nyingi. Vijiti vya shuleni vyenye kiungo cha kushikanisha, au vilivyobaki na mafuta ya kalibu, huacha gamba linalong'aa baada ya kusuguliwa.
* Iwe kavu na ya unga laini. Wengi huchagua chaki ya kabonati ya kalisi isiyo na nyongeza.

Chaki hupakwa kidogo chini ya kifuniko, mahali panaposugua tu. Ikizidi, sauti hufifia. Gamba la zamani huondolewa kwa kitambaa kikavu au pedi laini mno. Msasa wa kawaida haufai, kwa sababu hubadili umbo la ukingo. Sehemu hizo hazishikwi kwa vidole, kwa kuwa ngozi ina mafuta, na kifaa hufunikwa kisilowe.

Sauti nzuri ina hatari yake. Mwindaji anayeiga jike kikamilifu anaweza kumvuta mwindaji mwingine, na wapo waliopigwa risasi kwa kudhaniwa kuwa ndege. Ndiyo maana wawindaji hufundishwa kutofyatua risasi kwa kufuata sauti bila kumwona ndege waziwazi.

Tanzania haina bata mzinga wa mwituni, kwa hiyo kifaa hiki hakina kazi ya uwindaji nchini. Uwindaji wa ndege wa porini kama kanga na kwale uko chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, inayodai kibali.

## Kutambua aina ya chaki

Boksi likiwa halina maelezo, majaribio rahisi yanaweza kusaidia. Hayahusu chaki ya mende, ambayo haitakiwi kuguguswa wala kukwaruzwa.

* Ndimu au siki. Kwaruza unga kidogo na udondoshee maji ya ndimu. Ukitoa povu, ni kabonati, kwa sababu asidi hutoa gesi ya dioksidi kabonia. Usipotoa povu, huenda ni jasi au talki.
* Maji. Dondosha tone la maji juu ya kijiti. Chaki kavu hulifyonza mara moja. Tone likibaki juu kama shanga, kuna nta au mafuta.
* Karatasi nyembamba. Zungushia kijiti karatasi, kiweke juani kwa saa kadhaa, kisha tazama karatasi kwenye mwanga. Doa linalopitisha mwanga ni la mafuta.
* Kioo cha zamani. Sugua chaki kwenye kipande cha kioo kisichotumika, kisha kifute. Jasi, kabonati na talki haziwezi kukwaruza kioo. Mikwaruzo ikionekana, kuna chembe ngumu za silika au nyingine.

## Afya na usalama

### Vumbi

Vumbi la chaki ya jasi au ya kabonati ya kalisi halihesabiwi kuwa sumu, lakini linaweza kuwasha macho, pua na koo, na kuwasumbua wenye pumu. Kufuta ubao kwa kitambaa chenye unyevu hupunguza vumbi kuliko kufuta kwa kifutio kikavu, mradi ubao uachwe ukauke. Vifutio vikung'utwe nje, mbali na madirisha. Chaki nyingine zisizo na vumbi zina kasini, protini ya maziwa. Mwanafunzi mwenye mzio wa maziwa anaweza kuathirika kwa kuivuta.

### Kula chaki

Baadhi ya watoto na wajawazito hutamani kula chaki, kama wengine wanavyokula udongo au pemba. Hamu hiyo mara nyingine huambatana na upungufu wa madini ya chuma mwilini, kwa hiyo inafaa kuelezwa kliniki badala ya kufichwa. Chaki ya kuandikia haitengenezwi kama chakula; rangi, viungo na uchafu wake havipimwi kwa ajili ya kuliwa.

### Chaki ya mende

Katika masoko na kwa wachuuzi huuzwa vijiti vya kuua mende, sisimizi na kunguni, ambavyo kwa umbo na rangi hufanana na chaki ya shuleni. Ndani yake huwa na viuatilifu, mara nyingi vya kundi la pairethroidi kama deltamethrini. Mtoto anaweza kuandikia, kuweka mdomoni au kupeleka shuleni bila kujua. Tahadhari zake ni hizi:

* Usinunue kijiti kisicho na jina la kiuatilifu na maelekezo kwenye pakiti. Viuatilifu vinavyouzwa Tanzania vinatakiwa kusajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA).
* Usikihifadhi pamoja na vifaa vya shule, wala kukitoa kwenye pakiti yake.
* Usichore mahali mtoto anapotambaa au chakula kinapowekwa.
* Mtoto akiweka mdomoni, mwondolee mabaki, mnawishe, usimtapishe, na umpeleke kituo cha afya pamoja na pakiti.

## Utunzaji

Chaki hufyonza unyevu. Kijiti kilicholowa huwa laini, hukatika na hakiandiki hadi kikauke. Katika mkoa wa Songwe, wenye msimu mmoja wa mvua kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, maboksi yaliyowekwa sakafuni au kando ya ukuta unaovuja huharibika kwanza. Yawekwe juu ya rafu, ndani ya ndoo au mfuko wa plastiki uliofungwa. Kijiti kilicholowa hakitupwi: kikianikwa juani taratibu kwa siku moja au mbili, kwa kawaida hutumika tena.

## Chaki katika lugha na jamii

Ubao mkubwa wa darasa zima ulienea katika shule za Ulaya na Marekani mwanzoni mwa karne ya 19. Afrika ya Mashariki ubao na chaki viliingia kupitia shule za misheni na za serikali za kikoloni. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 na mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, madarasa yaliongezeka haraka nchini Tanzania. Pale ambapo vitabu vilikuwa vichache, somo zima lilitegemea kile mwalimu alichoandika ubaoni.

Ndiyo maana katika Kiswahili "kushika chaki" ni kufundisha. Mbao nyeupe za kalamu za wino zimeingia katika vyuo na shule nyingi za mijini, lakini kalamu zake hukauka na huhitaji kununuliwa mara kwa mara. Chaki haihitaji umeme wala wino, nayo hutumika hadi kipande cha mwisho.

## Tazama pia

* Jasi
* Chokaa
* Msuguano
* Zeze
* Bata mzinga
* Mkoa wa Songwe